Nduduzo Makhathini: maswali tunayoulizwa kila mara kwenye kikao chetu cha Migosi

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa kumi jioni, watu huketi sebuleni kwangu hapa Migosi, Kisumu, tukasikiliza albamu moja mwanzo hadi mwisho. Siku nyingine tuko wanane, siku nyingine viti vinaisha na vijana wanakaa kwenye mkeka. Mwaka huu tumemshika mpiga piano mmoja tu, Nduduzo Makhathini wa Afrika Kusini, na hatujamaliza. Maswali yanajirudia kila tukipata mgeni, basi nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyatoa nikiwa na nafasi ya kutosha.

Huyu Nduduzo Makhathini ni nani?

Ni mpiga piano, mtunzi, mwalimu na mganga wa jadi. Alizaliwa mwaka 1982 uMgungundlovu, KwaZulu-Natal, eneo linalobeba jina la mji mkuu wa zamani wa mfalme Dingane. Alikulia kwenye nyumba ambako muziki na tambiko vilikuwa kitu kimoja. Akaenda Durban kusomea piano ya jazi katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban, akamaliza stashahada yake mwaka 2005. Kabla ya kuwa na jina lake mwenyewe alikuwa kwenye bendi za wakubwa, akiwemo Zim Ngqawana, mpiga saksafoni aliyefariki mwaka 2011. Baadaye amefundisha na kuongoza idara ya muziki katika Chuo Kikuu cha Fort Hare, kile kile alichosomea Nelson Mandela, na akafanya uzamifu Stellenbosch kuhusu falsafa ya ntu na muziki wa kubuni papo kwa papo.

Mke wake, Omagugu, ni mwimbaji, na sauti yake utaisikia ndani ya kazi nyingi za mumewe. Hao wawili ndio walioanzisha kampuni yao ya kurekodi, Gundu Entertainment. Nitarudi kwa hilo, maana ndilo lililomfungulia njia.

Jazi ni nini kwani? Babu yangu akisema jazi anamaanisha Shirati.

Babu yako hajakosea. Sisi wa pande hizi tumelelewa na neno hilo kwa maana yetu: Shirati Jazz ya D.O. Misiani, Victoria Jazz ya Ochieng Nelly, na kwa majirani zetu Tabora Jazz, Morogoro Jazz, OK Jazz ya Franco kule Kongo. Hizo zilikuwa bendi za magitaa. Neno "jazz" lilikuwa bango la kusema: hapa pana muziki wa kisasa, pana vyombo, pana dansi. Ukienda Kondele leo ukaulize jazi, mtu wa miaka sitini atakutajia benga.

Jazi ninayozungumzia hapa ni ile iliyozaliwa na Wamarekani weusi, New Orleans na kwingineko, mwanzoni mwa karne ya 20. Moyo wake ni kubuni papo hapo. Wapigaji wanakubaliana juu ya wimbo, wanaupiga mara moja kama ulivyo, kisha kila mmoja anautembea kwa njia yake huku wenzake wakimsikiliza na kumjibu. Sasa, mzee anayepiga nyatiti, kinubi cha Wajaluo, matangani akiwataja waliohudhuria mmoja baada ya mwingine, akipindisha maneno na nyuzi kulingana na aliyesimama mbele yake, anafanya kazi ya ukoo huo huo. Kwa hiyo mgeni akiniambia jazi ni muziki wa wageni wa hoteli, mimi humuuliza kama amewahi kukesha matangani Siaya.

Nianze na albamu gani?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu langu limebadilika. Zamani nilikuwa nawapa watu kazi yake kubwa ya kwanza ya kimataifa, Modes of Communication: Letters from the Underworlds ya mwaka 2020. Ni kazi nzito, ina vyombo vingi, na wengi walichoka nusu ya safari. Sasa ninaanza na In the Spirit of Ntu ya mwaka 2022.

Ianze hivi. Usiifungue mwanzoni. Nenda moja kwa moja hadi wimbo wa mwisho, unaoitwa "Ntu". Ni piano peke yake. Hakuna dramu, hakuna saksafoni, hakuna anayekuharakisha. Keti. Utasikia vidole vyake vikitua na kungoja, na baada ya kungoja utasikia chombo chenyewe kikipumua, nyuzi zikiendelea kutetema baada ya kidole kuondoka. Mara ya kwanza kuupiga hapa kwangu, jirani anayeuza omena soko la Kibuye alikuwa amepita kunirudishia sufuria. Akasimama mlangoni akisikiliza, sufuria mkononi, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Kwani mmefiwa?"

Nikamwambia hapana, ni mtu wa Afrika Kusini anapiga kinanda. Akaketi. Akakaa hadi mwisho. Miezi kadhaa baadaye ndipo nilipojifunza kwamba jina Nduduzo, kwa Kizulu, maana yake ni faraja, na nikamtafuta yule mama nikamwambia. Akacheka, akasema basi alikuwa amesikia vizuri.

Ukishaipenda "Ntu", rudi mwanzo wa albamu uisikilize yote. Utakutana na "Mama", ambamo Omagugu anaimba. Utakutana na "Emlilweni", ambamo Mmarekani Jaleel Shaw anakuja na saksafoni yake ikiwaka. Na usiruke "Senze' Nina". Jina hilo linaitikia ule wimbo wa zamani wa maombolezo wa wakati wa ubaguzi wa rangi, uliouliza "tumefanya nini?". Makhathini analigeuza swali liwaelekee wanaume, kuhusu ukatili dhidi ya wanawake. Huo wimbo siupigi kikaoni bila kuacha dakika chache za kimya baada yake. Wanaume wa kikao wanajua sababu.

Albamu zake nyingine ni zipi, na zilifuatana vipi?

Mwaka 2014, kupitia ile kampuni yake na mkewe, alitoa mbili kwa mpigo: Sketches of Tomorrow na Mother Tongue. Fikiria hilo. Mtu ambaye hakuna kampuni kubwa iliyomfungulia mlango, anafungua wake, anatoa albamu mbili. Mwaka uliofuata akatoa Listening to the Ground na nyingine yenye jina ambalo sisi hatuhitaji kutafsiriwa: Matunda Ya Kwanza. Ndiyo, Kiswahili. Ni maneno yale yale yaliyozaa jina la Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi iliyoanzishwa mwaka 1966. Kijana mmoja wa kikao alipoliona jina hilo kwenye simu alifikiri nimemdanganya kwamba mtu huyu ni Mzulu. Mwaka huo huo wa 2015 alipewa tuzo ya Standard Bank ya msanii kijana wa Afrika Kusini upande wa jazi.

Zikafuata Icilongo: The African Peace Suite, na Inner Dimensions ambamo piano inakutana na kundi la waimbaji la One Voice. Watu wa kwaya, hiyo ya pili ni yenu. Kuna pia Reflections, ya piano peke yake, na Ikhambi ya mwaka 2017, ya kwanza kutolewa na kampuni kubwa, Universal ya Afrika Kusini. Ikhambi ni dawa ya mitishamba. Nimeiweka karibu na mlango wa nyumba yangu, kama tunavyoweka dawa.

Halafu zikaja za Blue Note: Modes of Communication mwaka 2020, In the Spirit of Ntu mwaka 2022, na uNomkhubulwane mwezi Juni 2024. Ukitaka kumsikia akiwa ndani ya bendi ya mtu mwingine, mtafute kwenye Wisdom of Elders ya Shabaka and the Ancestors, ya mwaka 2016, iliyorekodiwa Johannesburg. Humo anapiga kama mtu anayewasha jiko polepole ili wengine wapike.

Blue Note ni nini, na kwa nini watu wanaitaja kwa heshima hivyo?

Ni kampuni ya kurekodi ya New York iliyoanzishwa mwaka 1939. Thelonious Monk, Art Blakey, Herbie Hancock, Horace Silver, wote walirekodi huko. Makhathini alikuwa msanii wa kwanza wa Afrika Kusini kusaini nao mkataba, na mwaka 2022 walipoanzisha tawi la Blue Note Africa, In the Spirit of Ntu ndiyo iliyokuwa kazi ya kwanza kutoka. Nafurahia jambo hilo, lakini nawakumbusha vijana wetu wanaongoja kuonwa: kabla ya Blue Note kulikuwa na Gundu, na kabla ya mkataba kulikuwa na kazi nane zilizokamilika.

Sielewi Kizulu. Nitapata nini?

Zaidi ya unavyofikiri, hasa kama kwenu ni Kakamega, Vihiga, Bungoma au Busia. Chukua hilo neno "ntu". Kwa Kizulu mtu ni umuntu, watu ni abantu. Kwa Kiluhya ni omundu, abandu. Sisi kwa Kiswahili tunasema mtu, watu, kitu, utu, na ndani ya maneno hayo yote kuna mzizi mmoja umekaa kimya. Padri Mnyarwanda Alexis Kagame, mwaka 1956, aliandika kwamba kila kilichopo kimeshikwa na mzizi huo: mtu, kitu, mahali na wakati, namna. Makhathini amejenga fikra zake juu ya msingi huo. Kwake, sauti ni sehemu ya hicho kinachotuunganisha, na mpigaji anakuwa mlango ambao sauti inapitia.

Sasa tazama "Emlilweni". Tulipokuwa tukiisikiliza, mama mmoja mzaliwa wa Mumias alisema, kabla sijafungua mdomo: "Hapo anasema moto." Kwao moto ni omuliro. Kizulu ni umlilo, na emlilweni ni ndani ya moto. Alikuwa sawa kabisa. Na ukikumbuka kwamba Julai 2021 KwaZulu-Natal iliwaka kwa ghasia, maduka na magari yakateketea, neno hilo linapata uzito mwingine. Sisi wa Kisumu tunajua barabara inanukaje asubuhi baada ya matairi kuchomwa.

Kwa Wajaluo haitakuwa rahisi namna hiyo, lugha yetu ni ya ukoo mwingine. Lakini piano haina lugha, na mimi mwenyewe, ambaye mama yangu ni wa Gem, nilifika.

Mimi ni mtu wa kanisa. Huu si muziki wa mizimu?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mtu akinivuta pembeni, na ninalichukua kwa uzito wote. Mimi pia ni mtu wa kanisa. Nimepiga kinanda ibadani kwa zaidi ya miaka 15.

Ukweli ni huu: Makhathini ni mganga aliyeitwa na kuwekwa wakfu kwa njia ya Wazulu, na hafichi. Anasema muziki wake ni uponyaji, na jukwaa kwake ni mahali pa ibada. Kwenye In the Spirit of Ntu kuna wimbo unaoitwa "Amathongo", yaani wahenga waliotangulia. Albamu ya 2024 imebeba jina la uNomkhubulwane, ambaye Wazulu wanamjua kama binti wa mbinguni, mwenye mvua, rutuba na mimea. Imegawanywa sehemu tatu: ya kwanza ni kumimina sadaka, ya pili roho za maji, ya tatu ni kufikia utulivu wa ndani. Kama dhamiri yako inakukataza, iheshimu. Sitakulazimisha.

Lakini nikueleze nilichopitia. Modes of Communication inaanza na "Yehlisan' uMoya". Maana yake ni ombi: shusheni Roho. Omagugu anaimba. Niliposikia mara ya kwanza, mwili ulijua kabla ya akili, kwa sababu nimesimama mara ngapi Jumapili, mikono kwenye funguo, kanisa zima likiomba jambo hilo hilo kwa maneno yanayokaribiana? Umoya wa Kizulu ni upepo na roho. Kwetu sikio linasikia moyo. Na sisi hapa magharibi tuna makanisa yaliyokataa zamani kuacha ngoma nje ya mlango. African Israel Nineveh ilianza Vihiga mwaka 1942, na hadi leo wanatembea barabarani na ngoma na bendera. Kuna Legio Maria. Kuna makanisa ya Roho. Wazee wetu hao waliamini kwamba Mungu anaisikia ngoma ya Mwafrika.

Tena mvua. Bunyore kuna ukoo wa Nganyi, wasomaji wa mvua kwa vizazi na vizazi, na wataalamu wa idara ya hali ya hewa wamekaa nao kulinganisha utabiri. Watu hao ni majirani zetu. Kwa hiyo mtu wa KwaZulu-Natal akitunga muziki kwa ajili ya mwenye mvua, mimi siwezi kumwona kuwa kitu cha ajabu kutoka mbali. Ninasikia mkulima akitazama mbingu mwezi wa tatu.

Mbona nyimbo ni ndefu, na mkono wa kushoto unarudia kitu kimoja?

Mkono wa kushoto unarudia kwa sababu ndio ardhi. Sikiliza isukuti, ngoma za Waluhya wa Idakho na Isukha, zile ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Ngoma mama inashika mwendo wake haitoki, na juu yake wachezaji wanapata uhuru. Makhathini anafanya hivyo kwa vidole vitano. Anachagua umbo fupi huku chini, sauti tatu nne, analishika dakika nyingi, na mkono wa kulia unaenda kutembea. Ukilifuata hilo umbo la chini badala ya kungoja kiitikio, urefu hutausikia tena. Jumapili moja stima ilipotea katikati ya wimbo. Giza, kimya, halafu nikasikia watu watatu wanne bado wanalinung'unika lile umbo la chini, pamoja, bila kupoteza hesabu. Tukamalizia hivyo hadi stima iliporudi.

Alijifunzia kwa nani?

Kwa wengi, lakini jina la kushika ni mpiga piano Bheki Mseleku. Alizaliwa Durban mwaka 1955, hakufundishwa rasmi, na utotoni alipoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia kwenye ajali. Mkono huo huo ndio uliomfikisha London na kwenye meza ya wakubwa: albamu yake Celebration ilitoka mwaka 1992, na Timelessness ya mwaka 1994 ina Joe Henderson, Pharoah Sanders, Abbey Lincoln na Elvin Jones ndani yake. Alifariki London mwaka 2008. Makhathini amesema mara nyingi kwamba Mseleku ndiye aliyemwonyesha sauti yake mwenyewe, na ukisikiliza wawili hao mfululizo hutahitaji kuambiwa. Kuna furaha fulani inayopanda ngazi kwa haraka, kama mtoto anayekimbilia mgeni.

Upande wa Marekani ni mpiga saksafoni John Coltrane, hasa albamu yake A Love Supreme iliyotoka mwaka 1965, na mpiga piano wake McCoy Tyner. Kwa nini Tyner, nitaeleza kwenye swali linalofuata, maana ni jambo la vidole.

Napiga kinanda kanisani. Naanzaje kupiga namna hiyo?

Hapa nina furaha kujibu. Zima midundo ya kinanda chako. Ile ya kubonyeza na kinanda kikajipigia chenyewe, iache kabisa. Rudisha kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo mahali pake. Sasa gusa funguo nyeusi tu.

Funguo nyeusi zimepangwa mbili, tatu, mbili, tatu. Huku chini kushoto, tafuta kundi la mbili na uchukue wa kulia. Hiyo ni mi bemoli. Kisha kundi la tatu linalofuata, uchukue wa kulia kabisa. Hiyo ni si bemoli. Kidole kidogo kwenye ya kwanza, kidole gumba kwenye ya pili. Piga moja, piga nyingine, polepole, kama mtu anayepanda mlima wa Riat bila haraka. Usiache. Mkono wa kulia sasa uko huru kwenye nyeusi zote, na hautakosea, kwa sababu sauti hizo tano zinakubaliana na hizo mbili za chini.

Kaa hapo wiki moja. Kisha nitakuonyesha siri ya Tyner. Kanisani tumezoea kushika sauti tatu kwa kuruka kidogo kidogo, do mi so. Yeye alipenda kuzipanga kwa kuruka nne nne. Kwenye nyeusi zako ni rahisi: chukua mi bemoli tena kwa mkono wa kulia, kisha wa katikati kwenye kundi la tatu, kisha wa kushoto kwenye kundi la mbili linalofuata. Piga zote tatu pamoja. Sauti hiyo haina huzuni wala furaha iliyoamuliwa. Inabaki wazi, kama mlango ambao mtu amesahau kuurudisha, na ndani ya uwazi huo ndipo Makhathini anapofanyia kazi.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu alipoisikia kwa mara ya kwanza chini ya vidole vyake aliiachia haraka kama imemchoma, akanitazama, kisha akairudia. Amekuwa akiirudia tangu siku hiyo.

Ni lazima niwe na piano halisi?

Hapana. Kinanda cha funguo 61 kinatosha kuanza, ingawa piano kamili ina 88 na zile za chini kabisa utazikosa. Kitu cha kwanza cha kununua ni pedali, kabla ya spika, kabla ya stendi.

Piano halisi mjini kwetu ina adui, nayo ni hewa ya ziwa. Kuna ukumbi mmoja niliwahi kupewa ruhusa ya kufanyia mazoezi. Piano nzuri ya mbao, ya zamani, imesimama dirishani. Unyevu ulikuwa umevimbisha mbao, na ukibonyeza sauti ya la ya katikati inabaki chini kama imelala. Unaiinua kwa ukucha. Mchwa nao walikuwa wameshaingia mguu wa nyuma. Niliomba isogezwe kutoka dirishani na ifunikwe. Nilirudi baada ya likizo nikaikuta pale pale, na safari hii funguo tatu zimelala. Iliniuma, na inaniuma bado. Kama shule yako au kanisa lako lina piano, iondoe dirishani leo, ukutani kwa ndani, mbali na jua, na uinue miguu yake juu ya sakafu.

Kusikiliza kunakula bando kiasi gani?

Kwa ubora wa kati saa moja ni kama megabaiti 70, kwa ubora wa juu ni mara mbili ya hapo au zaidi. Pakua albamu moja ukiwa mahali penye waifai ukae nayo mwezi mzima. Na usisikilizie spika ya simu. Besi yote inapotea, na kwenye uNomkhubulwane, ambako wako watatu tu, Makhathini, Zwelakhe-Duma Bell le Pere kwenye besi na Mcuba Francisco Mela kwenye dramu, utakuwa umemfukuza mmoja wao chumbani. Spika za masikioni za bei ya chini zinatosha.

Nikishamzoea, nimsikilize nani?

Mseleku, nimeshasema. Moses Taiwa Molelekwa, aliyefariki mwaka 2001 akiwa hajafika hata miaka 30. Anza na Genes and Spirits. Abdullah Ibrahim wa Cape Town, aliyezaliwa mwaka 1934, ambaye "Mannenberg" yake ya mwaka 1974 ilikuwa wimbo wa watu wakati wa ubaguzi wa rangi. Kwa wetu wa Kenya, Aaron Rimbui, mpiga piano wa Nairobi aliyehamia New York. Na ingawa hapigi piano, mtafute Ayub Ogada na nyatiti yake. Alifariki Nyahera, hapo juu tu ya mji wetu, mwaka 2019. Mpige baada ya "Ntu", bila kusema neno katikati. Tumefanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili nilichelewa kuwasha taa.

Naweza kuja na watoto?

Njoo nao. Watoto wanasikiliza vizuri kuliko sisi dakika kumi za kwanza, kisha waende wakacheze uani.

Nije na nini?

Njugu, kama unapita soko la Jubilee. Chai ipo. Kiti, kama una cha plastiki kinachobebeka. Mwezi huu tunaisikiliza uNomkhubulwane sehemu ya pili, ya roho za maji, na nimeomba madirisha yaachwe wazi kwa sababu saa hiyo upepo wa ziwa huwa unaanza kupanda.